Kampuni za vyakula zinavyosikiliza mitandao ya kijamii, na wale wasiosikika

Mwanzoni mwa Januari 2022, wateja waliofika katika migahawa ya KFC nchini Kenya walikuta kuku yupo lakini chipsi hakuna. Kampuni iliwaomba radhi mtandaoni kwa lugha ya mzaha, ikisema kwamba wateja wamezipenda chipsi zake kupita kiasi hata zikaisha. Mzaha huo haukudumu. Ilipobainika kwamba viazi vya chipsi hizo huagizwa kutoka ng'ambo, na kwamba shehena imechelewa kwa sababu ya msukosuko wa usafirishaji wa baharini uliozushwa na janga la UVIKO-19, Wakenya waliokuwa katika mtandao wa Twitter, ambao siku hizi huitwa X, waliuliza swali lisilo na jibu jepesi: inakuwaje nchi ambayo viazi ni zao lake la pili la chakula baada ya mahindi ikose viazi vya kukaanga?

Wito wa kuigomea migahawa hiyo ulienea upesi. Kampuni ilijieleza kwamba kila anayeiuzia bidhaa sharti kwanza apitie utaratibu wa kimataifa wa kuidhinishwa kwa ubora, na kwamba wakulima wa Kenya hawakuwa wamepitia utaratibu huo. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli kwa upande wa kampuni, lakini yalikuwa kama kumwaga mafuta motoni. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, naye aliingilia kati akiitaka kampuni inunue viazi vya nchini. Siku chache baadaye Kuku Foods East Africa, inayoendesha migahawa ya KFC nchini Kenya na hapa kwetu Uganda, ilitangaza kwamba itaanza kuwatafuta na kuwaidhinisha wauzaji wa viazi wa Kenya, huku ikikumbusha kuwa kuku, mikate na mboga ilikuwa tayari ikivinunua nchini.

Kisa hicho kilipigiwa kelele, ndiyo maana tunakikumbuka. Hata hivyo, jambo lililotendeka pale hutendeka kila siku kimyakimya: watu husema mtandaoni wanachokipenda na wanachokichukia katika chakula, na mahali fulani ipo ofisi inayoyahesabu maneno hayo, inayapanga, kisha inayageuza kuwa uamuzi wa biashara. Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyofanyika, na kwa nini masikio ya ofisi hizo huwasikia watu wengine vizuri zaidi kuliko wengine.

Kutoka hojaji hadi vioo vya kompyuta

Zamani, kampuni iliyotaka kujua kama watu watakipenda kinywaji kipya iliwaalika watu wanane au kumi chumbani, ikawapa vikombe waonje, ikawauliza maswali na kuandika majibu. Njia hiyo haijafa, ila ni ghali na ni ya polepole. Tena ina kasoro ambayo kila mwanahabari anaifahamu: mtu aliyealikwa na kupewa soda ya bure huona haya kusema kuwa soda hiyo haina ladha. Mtandaoni haya hiyo haipo.

Mwaka 2010 kampuni ya kinywaji cha wanamichezo cha Gatorade, iliyo chini ya PepsiCo, ilifungua katika makao yake mjini Chicago chumba maalumu chenye vioo vingi vya kompyuta ukutani, ambako wafanyakazi walifuatilia papo kwa papo yanayosemwa kuhusu kinywaji hicho, kuhusu washindani wake na kuhusu wanamichezo waliokitangaza. Kilipewa jina linalokumbusha vyumba vya kuongozea vyombo vya angani. Majigambo yalikuwa mengi, lakini wazo lilishika, na kampuni nyingine kubwa zikafuata mkondo huo.

Hata kabla ya hapo wateja wenyewe walikuwa wamekwisha kuonyesha nguvu zao. Nchini Uingereza, Cadbury iliacha kutengeneza chokoleti ya Wispa mwaka 2003. Miaka minne baadaye makundi ya watu katika Facebook, iliyokuwa bado changa, yalianza kudai irudishwe. Kampuni iliirudisha Oktoba 2007 kwa majaribio, ikauzika, na mwaka uliofuata ikairejesha moja kwa moja. Kwa wauzaji lilikuwa funzo la ajabu: utafiti wa soko ulikuwa umekuja wenyewe mlangoni, bila malipo, tena ukiwa na wanunuzi wake tayari.

Mfano ambao wanafunzi wa masoko huutaja sana ni wa McDonald's nchini Marekani. Kwa miaka mingi migahawa hiyo iliuza vyakula vya kifungua kinywa hadi saa nne na nusu asubuhi, na aliyechelewa alikosa. Oktoba 2015 kampuni ilianza kuviuza kutwa nzima, na ikasema wazi kuwa katika mwaka mmoja tu jumbe zaidi ya 120,000 za Twitter zilikuwa zimeomba jambo hilo. Kisha iliwarudia walioomba na kuwajibu mmoja mmoja, jambo ambalo mwandikaji wa ujumbe wa saa tano usiku huenda hakulitarajia kabisa. Huduma hiyo iliondolewa Machi 2020, janga lilipoilazimisha kampuni kurahisisha kazi za jikoni. Mpishi anayelazimika kukaanga mayai na nyama katika jiko lilelile hakuwa na alama ya reli ya kulalamikia.

Kampuni hiyohiyo ilikuwa imeonja uchungu wa mitandao miaka mitatu kabla. Januari 2012 ililipia matangazo ya Twitter yaliyokusudiwa kuwatambulisha wakulima wanaoiuzia mazao, halafu ikabadili alama ya reli na kuwaalika watu wasimulie hadithi zao kuhusu migahawa yake. Watu walisimulia kweli, lakini hadithi zao zilikuwa za kuugua tumbo na za vitu vilivyokutwa ndani ya chakula. Kampuni iliusitisha mwaliko huo ndani ya saa mbili hivi, lakini simulizi ziliendelea bila yake.

Namna mashine inavyosikiliza

Kazi huanza kwa orodha ya maneno. Kampuni huipa programu jina la bidhaa yake, majina ya washindani, na maneno yanayoandamana nayo, kama vile chumvi, bei, foleni, watoto, au kuharisha. Programu huchota kutoka katika mitandao kila ujumbe wa wazi wenye maneno hayo. Kwa kawaida huchotewa kupitia mlango wa data ambao mwenye mtandao huufungua kwa malipo.

Hatua ya pili ni kuchambua. Jumbe za akaunti bandia hutengwa na za watu halisi, ingawa si rahisi kuzitambua zote. Kinachobaki hupangwa katika mafungu matatu: sifa, lawama, na yasiyoegemea upande wowote. Mashine nyingine husoma hata picha, hivyo ukipiga picha ya sahani yako na chupa ya soda ikaonekana pembeni, chupa hiyo huhesabiwa japo hukuitaja. Mwishoni hupatikana michoro: siku ipi watu walisema mengi, mji upi unalalamika, na kati ya maneno yote yaliyosemwa kuhusu soda, ni mangapi yalihusu soda yetu na mangapi ya jirani.

Hapo ndipo uamuzi huanza. Ikiwa watu hutaja njaa zaidi saa kumi jioni wakiwa kwenye foleni ya usafiri, tangazo litatokea saa tisa na nusu. Ikiwa akina mama wengi huchanganya uji wa dukani na karanga, huenda mwaka ujao ukauona uji wenye karanga dukani ukiwa na bei ya juu kidogo. Kampuni pia hupata majina ya watu ambao maneno yao hurudiwa sana, ikawalipa waisifu bidhaa. Hao ndio tunaowaita washawishi. Sheria za nchi nyingi hutaka watangaze kuwa wamelipwa. Utekelezaji ni suala jingine.

Yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Kusikiliza ni kuhesabu yaliyosemwa na umma. Kulenga ni kumpelekea mtu fulani tangazo fulani kwa sababu mtandao unajua umri wake, mahali alipo na kurasa anazozitembelea. La kwanza linafanana na kukaa sokoni ukitega sikio. La pili linafanana na mwenye duka anayekufuata hadi nyumbani. Kampuni hufanya yote mawili, na matokeo ya la kwanza huandaa njia ya la pili.

"Noma" ni sifa au ni lawama?

Hapa naomba msikilizaji anivumilie, kwa kuwa nagusa kazi yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliombwa na kampuni moja ya utafiti wa masoko nipitie maoni ya Kiswahili mia kadhaa kuhusu kinywaji, ambayo mashine ilikuwa imekwisha kuyapanga. Nilikuta "hii kitu ni noma" limewekwa katika lawama. Nilikuta "si mchezo" limewekwa katika lawama pia, pengine kwa sababu mashine iliona kikanushi "si" ikadhani mtu anakataa jambo. Na yule aliyeandika "asanteni kwa kutuuzia maji ya sukari kwa bei ya maziwa" alikuwa amehesabiwa miongoni mwa mashabiki, kwa kuwa alianza na shukrani.

Hitilafu hizo si za kuchekesha tu. Katika Kiswahili cha mitaani, kali ni sifa ya mwalimu, ya pilipili, ya jua, na ya wimbo unaopendwa. Noma ni hatari na ni uhondo. Ni muktadha unaoamua, na mara nyingi muktadha wenyewe hauko katika ujumbe bali katika sauti ya msemaji, au katika kujua kwamba wiki hiyo sukari imepanda bei. Sheng ya Nairobi hubadilika kabla kamusi haijakauka wino, na Kiswahili cha Bujumbura, cha Bukavu au cha Kampala kina njia zake.

Majina ya vyakula nayo ni mtihani. Anayetafuta maoni kuhusu viazi vya kukaanga akiandika "chipsi" peke yake ataikosa "vibanzi" ya magazeti ya Kenya na "chipo" ya vijana wa Nairobi. Akitafuta "viazi" ataikosa "waru". Hapa Uganda tuna kitendawili kizuri zaidi. Chapati iliyoviringishwa na mayai ndani yake, chakula cha kila kona ya Kampala, inaitwa rolex. Mashine iliyofunzwa Ulaya ikikuta mtu ameandika kuwa amekula rolex mbili na bado ana njaa, inadhani habari ni za saa za mkononi za Uswisi.

Watafiti wa Kiafrika wameanza kuziba pengo hilo. Mwaka 2023 ulitolewa mkusanyo uitwao AfriSenti, wenye jumbe zaidi ya 110,000 za Twitter katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili na Kinyarwanda zikiwamo, ambazo zimesomwa na kupangwa na wasemaji wa lugha hizo wenyewe kuwa sifa, lawama au kati. Kazi ya namna hiyo ni ya mkono na ni ya kuchosha, na wasomaji wawili hawakubaliani kila mara. Lakini bila hiyo, kampuni inayouza unga Mwanza au Goma hutegemea tafsiri ya Kiingereza ya maneno ambayo utamu wake wote uko katika kutotafsirika.

Mkulima hayumo katika hesabu

Turudi kwenye viazi. Kelele za Januari 2022 zilipigwa na walaji wa mijini, wenye simu na vifurushi vya intaneti. Waliwasemea wakulima wa Nyandarua, Nakuru, Meru na Elgeyo-Marakwet, lakini wakulima wenyewe hawakuwa na nafasi kubwa katika mjadala. Wangeulizwa, wangetaja mambo ambayo hayakuenea mtandaoni kabisa.

La kwanza ni mbegu. Aina ya kiazi inayolimwa zaidi Kenya ni Shangi. Hukomaa haraka, huiva upesi jikoni, na wanunuzi wa sokoni wanaipenda. Lakini huchipua mapema ikihifadhiwa, na kiwanda kinachotaka viazi vya ukubwa mmoja, vinavyokaa ghalani na kukaangika bila kubadilika rangi, hupendelea aina nyingine. Mkulima hawezi kubadili mbegu kwa sababu ya alama ya reli ya wiki moja. Mbegu iliyothibitishwa ni adimu na ni ghali, na msimu una tarehe zake. La pili ni lumbesa, gunia linalojazwa hadi kuota nundu huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Kanuni za Kenya za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Utekelezaji wake umekuwa wa kuvutana, na mvutano huo hauonekani kwenye vioo vya ofisi ya masoko kwa kuwa hakuna mlaji anayeuandika akiwa ameshika sahani.

Kwa hiyo kampuni iliyojibu kelele ilijibu swali lililoulizwa, yaani viazi vinatoka wapi. Swali la vinanunuliwaje na kwa masharti gani halikuulizwa kwa sauti ya kutosha.

Ukimya una sababu nyingine pia. Hapa Uganda, serikali ilianza kutoza Julai 2018 kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Iliondolewa mwaka 2021 na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data. Januari 2021, kuelekea uchaguzi, Facebook ilifungwa, na kwa miaka kadhaa tangu hapo wanaoitumia wamelazimika kupita njia za kuzunguka kwa programu za VPN, ambazo humwonyesha Mganda kana kwamba yuko Uholanzi au Marekani. Mchambuzi anayetazama ramani yake huona Kampala imetulia, akadhani watu wameridhika.

Tena mazungumzo mengi ya ukanda wetu hayamo katika mitandao ya wazi. Yamo katika makundi ya WhatsApp ya familia, ya kanisa, ya msikiti na ya chama cha akiba, ambayo ujumbe wake umefungwa kwa usimbaji. Novemba 2019, shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha mauzo ya chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Katika siku kama hizo mama wa nyumbani humuuliza dada yake, si kampuni, na programu haiingii katika kundi la dada. Niongeze kwamba simu za wasikilizaji wa redio, ambao hupiga kulalamikia unga wenye uchungu au mafuta yaliyoghushiwa, hazihesabiwi popote. Huwa natafsiri baadhi yake. Zina habari nyingi kuliko michoro mingi niliyowahi kuonyeshwa.

Bei ya kusikiliza na haki ya kuachwa

Mlango wa data uliokuwa wazi kwa wengi umezidi kufungwa. Baada ya Elon Musk kuinunua Twitter Oktoba 2022, huduma ya bure ya kuchota jumbe ilitangazwa kusitishwa Februari 2023 na malipo yakapanda sana. Agosti 2024 kampuni ya Meta ilikifunga CrowdTangle, chombo ambacho wanahabari na watafiti walikitumia kufuatilia yanayoenea katika Facebook na Instagram. Kampuni kubwa ya vinywaji bado inamudu gharama. Chama cha ushirika kinachofunga uji wa lishe Mbarara hakimudu, na mtafiti wa afya ya umma anayetaka kujua ni matangazo gani ya vyakula vya sukari huwafikia watoto naye hamudu.

Suala hilo la watoto si dogo. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo unaozishauri serikali ziweke sheria za lazima za kuwakinga watoto wa umri wote dhidi ya matangazo ya vyakula vyenye mafuta mabaya, sukari na chumvi nyingi, kwa kuwa ahadi za hiari za kampuni hazikutosha. Mtoto wa miaka 12 anayechangia mchezo wa mtandaoni wa chapa ya peremende hajui kwamba anahojiwa.

Kwa watu wazima, sheria zipo. Kenya na Uganda zote zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data nchini Kenya iliutoza mgahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuchapisha katika mitandao ya kijamii picha ya mteja bila idhini yake. Mteja huyo alikuwa amekwenda kustarehe tu, akajikuta amekuwa tangazo. Chini ya sheria ya Uganda, mtu anayo haki ya kuiandikia kampuni akiitaka iache kutumia taarifa zake kumpelekea matangazo. Barua ya kawaida inatosha, na si lazima iwe ya Kiingereza cha mawakili.